Kura Themanini na Tatu

Kwaluguru, Handeni
6 Machi 2023

Kwa Binti Edna Obadia,
Korogwe.

YAH: KURA ZANGU

Mwanangu Edna,

Nimekupigia simu mara tisa tangu Jumamosi jioni na hupokei, kwa hiyo nimechukua karatasi. Barua hii nimempa Yordani, yule anayeleta makabeji kutoka milimani, akukabidhi mkononi akipita Korogwe.

Mashine yako imesema kwamba mimi, mwenyekiti wa Jumuiya ya Maji kwa miaka minane, nimepata kura themanini na tatu, na Maryamu wa kitongoji cha Kilimani amepata mia moja thelathini na moja. Nimekaa na namba hizo siku mbili na zinakataa kuniingia kichwani. Kabla ya uchaguzi nilipita nyumba kwa nyumba. Watu mia moja na sitini walinishika mkono wakaniambia, Mzee Rehani, kura yangu unayo. Wengine niliwakuta mezani wakanikaribisha chakula. Sasa niambie watu wale wamekwenda wapi ndani ya kile kiboksi.

Sikuiti mwizi. Ulipokuja kutufundisha kubonyeza ulikula kwangu mchana siku tatu, na mke wangu Mwantumu mpaka leo anakutaja. Lakini nina maswali na nataka majibu yaliyoandikwa.

Saa saba mchana mashine ilizima. Ukaibeba, ukatoka nayo darasani tulimokuwa tunapigia kura, ukaingia nayo ofisi ya walimu na kukaa huko dakika ishirini. Wakala wangu Semboja anasema hakuwa pamoja nawe. Uliporudi ikawaka na watu wakaendelea. Dakika ishirini zile ilikuwa inafanya nini?

Zamani tulipiga kura kwa karatasi. Mtu akilalamika, sanduku linamwagwa mezani na kura zinahesabiwa upya mbele ya macho yake. Hii yako nimwage nini? Nimeomba karatasi nikaambiwa hakuna. Nimeomba zihesabiwe upya, nikaambiwa ukibonyeza tena itatoa jibu lile lile. Najua itatoa jibu lile lile. Hata mwongo ukimuuliza mara ya pili anarudia alichosema.

Kisima kile nilikihangaikia mimi, kwenda na kurudi wilayani kwa baiskeli, kabla wengi wa hawa hawajajua kwamba chini ya ardhi yetu kuna maji. Siwezi kuondolewa na kitu ambacho hakina hata mdomo wa kuulizwa.

Nasubiri.

Rehani Mhina
Mwenyekiti

Nakala: Ofisa Mtendaji wa Kata
Nakala: Meneja wa kampuni yenu


Manundu, Korogwe
10 Machi 2023

Mzee Rehani,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Nakala uliyompelekea meneja wangu iliniwahi, na simu uliyokuwa unaipiga ni ya ofisi, nayo waliichukua jioni ile ile ya Jumamosi. Ndiyo maana sikupokea. Sikuwa nakukwepa.

Najibu kama ulivyouliza.

Mashine ilizima kwa sababu betri ilikwisha. Umeme wa sola pale shuleni uko ofisi ya walimu tu. Nilimwita Semboja twende wote, nikaambiwa yuko kwa mama ntilie nje ya uzio anakunywa chai. Foleni ya akina mama ilikuwa juani, wengine na watoto mgongoni. Nikaamua kwenda peke yangu. Hilo ni kosa langu, nimeliandika kwenye ripoti na ninaliandika tena hapa. Nilitakiwa kumsubiri hata kama angekunywa chai mpaka jioni.

Lakini dakika zile ishirini mashine ilikuwa inakula chaji na mimi nilikuwa nimekaa kwenye dawati nikila ndizi. Hakuna zaidi. Kura zilizokwisha kupigwa zinabaki humo, mtu hawezi kuzigusa bila funguo mbili. Moja ninayo mimi, nyingine anayo mtendaji. Muulize kama aliitoa mfukoni.

Mzee, unakumbuka siku ya mazoezi? Tuliweka picha ya embe na picha ya nanasi, mkabonyeza wote, na embe likashinda. Wewe mwenyewe ulisema ulichagua nanasi. Watu walicheka, na hakuna aliyeuliza nanasi limeibiwa na nani. Mashine ni ile ile.

Nimekuwa nikiandika na kufuta sehemu hii, kwa sababu najua swali lako la sanduku lina haki. Nami sina kitu cha kukumwagia mezani. Nilimwambia meneja hivyo hivyo mwezi wa kwanza, kwamba watu watataka kuona. Akasema mashine hizi ni za kisasa, watazoea. Sasa anataka nieleze kwa nini hamjazoea.

Naomba uniamini kwa sababu unanijua. Najua hilo si jibu la kiufundi.

Edna Obadia


Kwaluguru
13 Machi 2023

Mwanangu Edna,

Hujambo, na baba yako hajambo? Sisi ni wazima. Mwandiko wangu utausamehe, tangu nimalize darasa la saba nimeandika zaidi majina ya watu kwenye madaftari ya harusi.

Mume wangu hajui kwamba nimekuandikia. Yordani nimemwambia ndani ya bahasha kuna vipimo vya mshono. Ukinijibu, funga barua ndani ya kipande cha kitambaa.

Jibu lako alilisoma kwa sauti mbele yangu na mbele ya Semboja. Alipofika kwenye chai, Semboja akaondoka bila kuaga. Alipofika kwenye nanasi nikadhani atacheka, hakucheka. Tangu siku ile hali chakula sawasawa. Anakaa uani na lile daftari lake la nyumba alizopita, anaweka alama, anazifuta. Ananisomea majina. Fulani, je, anaweza kunigeuka? Namwambia sijui.

Wamekubaliana yeye na wenzake kwamba Jumamosi uchaguzi urudiwe kwa mlolongo. Kila mgombea atasimama uwanjani, na wanachama watajipanga nyuma ya wamtakaye, wahesabiwe hadharani. Mtendaji kwanza alikataa, lakini watu walimjaa ofisini na kusema hawaitaki tena mashine, wanataka kuona kwa macho yao. Hata watu wa Maryamu wengine wamekubali, wanasema kama ameshinda kweli atashinda tena.

Nakuomba usimwandikie tena kwa ukali. Ni mtu mwema, hajawahi kula kitu cha Jumuiya. Amezoea tu kuwa yeye ndiye aliyeleta maji, na kwamba hilo halina mwisho.

Wewe tulia. Usijilaumu kwa ile chaji. Mimi najua hukuiba.

Mama yako,
Mwantumu


Kwaluguru
20 Machi 2023

Mwanangu Edna,

Nakuandikia nikiwa sina hasira tena, maana ukweli umeonekana mchana kweupe.

Jumamosi tulikusanyika uwanja wa shule, wanachama mia mbili na mmoja. Nilisimama upande wa goli la juu na Maryamu upande wa goli la chini. Mtendaji akapuliza filimbi. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nakwambia ukweli, niliogopa. Nilipokiinua mstari wangu ulikuwa umepita goli, umezunguka mpaka kwenye choo cha walimu. Watu mia moja hamsini na saba. Kwa Maryamu walikuwa arobaini na wanne. Wa kwanza kusimama nyuma yangu alikuwa mke wangu.

Kwa hiyo nakuuliza kama mzazi: siku kumi na nne tu, watu wale wale, maji yale yale. Mashine imesema themanini na tatu, miguu ya watu imesema mia moja hamsini na saba. Nani mkweli?

Sidhani ni wewe uliyepanga. Nadhani ulitumwa, au mashine imetengenezwa hivyo na wewe hukujua. Mwambie aliyekutuma kwamba Kwaluguru tunajua kuhesabu. Nimewaandikia kampuni yenu matokeo, na nimewataka wasilete tena kitu hicho wilaya hii. Jina lako nimelitaja kwa sababu ilibidi, lakini nimeandika kwamba wewe ni kijana mwenye adabu.

Mwezi mtukufu unaanza wiki hii. Nimekusamehe. Ukipita Handeni usiache kufika, nyumba ni yako.

Rehani Mhina
Mwenyekiti


Manundu, Korogwe
27 Machi 2023

Mama Mwantumu,

Shikamoo. Barua imo ndani ya kipande cha khanga, kama ulivyosema.

Nimeachishwa kazi Ijumaa. Meneja alikuwa na barua ya Mzee mezani. Alinisomea zile namba mbili, themanini na tatu na mia moja hamsini na saba, akaniuliza ninazielezaje. Nikamwambia watu wakisimama hadharani hawachagui kama wanavyochagua wakiwa peke yao. Akasema hilo ni jambo la kumweleza mwalimu wa uraia, yeye anauza mashine, na mteja ameona mashine imeongopa. Akasema mtu aliyeitoa darasani bila wakala ni mimi. Kwa hiyo mashine ni nzima, mbaya ni mimi. Barua ya kuachishwa inasema uzembe, na mitaani wanasema wizi. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Jumapili iliyopita alikaa benchi la nyuma.

Siandiki haya ili unihurumie. Nimesoma barua yako ya tarehe kumi na tatu mara nyingi, na kuna maneno yananisumbua. Watu wote wanaonipenda wananiambia wanaamini sikuiba. Mama anaamini, mchungaji anaamini, hata mwenzangu wa ofisini anasema anaamini huku anaangalia pembeni. Wewe peke yako uliandika kwamba unajua.

Mama, unajuaje?

Nakuuliza kwa heshima. Ulikuwa wa kwanza kusimama nyuma yake kwenye mlolongo, ameniandikia mwenyewe, tena kwa furaha. Kama unajua kitu nami nimekaa hapa siwezi hata kwenda sokoni, niambie.

Edna


Kwaluguru
5 Aprili 2023

Mwanangu Edna,

Nimefunga, na mtu aliyefunga hatakiwi kusema uongo, kwa hiyo nimechelewa kukujibu. Nilikuwa natafuta namna ya kukujibu bila kusema uongo na bila kusema ukweli. Sikuipata.

Najua hukuiba kwa sababu mimi sikumpa mume wangu kura yangu. Nilimpa Maryamu.

Acha nikueleze. Koki ya maji iko hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu. Mimi sijawahi kubeba ndoo mbali tangu kisima kichimbwe. Lakini wanawake wa Kilimani wanakuja kuchota huku chini, na maji yakikatika wanakwenda lamboni wanakonywesha ng'ombe. Wakipita wanakaa jikoni kwangu kupumzika. Kila mmoja ananiambia, mwambie mumeo atufikishie bomba. Namwambia. Anasema nimesikia. Mwaka mmoja mabomba yalipokuja yakapelekwa kwenye birika la ng'ombe, kwa sababu ng'ombe walikuwa wanaingia mashambani wakitafuta maji. Sababu ilikuwa nzuri. Mwaka uliofuata kulikuwa na sababu nyingine, nayo nzuri. Miaka minane, Edna. Nilichoka kuwa mlango wa ofisi ambayo haina mtu ndani.

Ulipotufundisha kwamba ndani ya kile kibanda cha kitambaa hakuna atakayeona, nilikuuliza mara mbili, unakumbuka? Nilikuuliza, hata wewe huoni? Ukasema hata mimi sioni, mama. Siku yenyewe nikaingia. Picha ya mume wangu ilikuwa inanitazama, ile aliyopigwa Handeni mjini akiwa na koti. Nikabonyeza ya Maryamu. Nilitoka mwili mwepesi kama mtu aliyetua dumu kichwani.

Sikujua kama tuko wengi. Jioni mlipotangaza mia moja thelathini na moja, niliwaangalia wanawake wenzangu na kila mmoja alikuwa anaangalia chini. Ndipo nikajua.

Na mlolongo, nisikufiche. Filimbi ilipopulizwa wanaume wakatangulia, na kila mwanaume akageuka kuangalia mke wake anakwenda wapi. Maryamu alikuwa kule golini na watu wachache, wengi wao wajane na vijana. Alinitazama. Hakunitazama vibaya. Alinitazama kama mtu anayejua bei ya kitu. Miguu yangu ikaenda kwa mume wangu. Nilikuwa wa kwanza kwa sababu nilitaka yaishe.

Ndivyo ninavyojua. Sasa na wewe unajua. Sijui utafanya nini na kujua huko.

Mwantumu


Manundu, Korogwe
11 Aprili 2023

Mama,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, Yordani akiwa bado anafunga turubai. Nikamwambia asubiri nikuandikie jibu, halafu nikamwambia aende tu, kwa sababu ningekuandikia maneno ambayo mtoto hamwandikii mzazi. Zimepita siku kadhaa na mengine bado yapo.

Tarehe kumi na tatu ulijua, na mlolongo ulikuwa haujafanyika. Ungeweza kusema neno moja. Usingehitaji kulisema uwanjani, ungelisema kwake tu, uani, huku anafuta majina kwenye daftari. Alikuuliza, ukamwambia sijui. Baada ya hapo mimi nikaulizwa maswali na meneja na wenzake wanne kwenye meza moja, nami kweli nilikuwa sijui.

Halafu nikifika hapo najiona mjinga. Nilikaa wiki ile Kwaluguru nikihubiri kwamba kura ni siri, hakuna atakayejua, msiogope. Mkaamini. Sasa ninataka mtoe siri ile ile ili kunisafisha mimi. Wanawake mia wasimame mmoja mmoja mbele ya waume zao waseme, mimi sikumpa. Nani atafanya hivyo, na mimi nitakuwa nimewafundisha nini?

Hilo ndilo linaloniuma kuliko kazi. Mashine ilisema kweli na haina njia ya kuthibitisha. Mlolongo ulisema uongo na kila mtu aliuona kwa macho.

Barua yako ninayo. Nikimpelekea meneja, kesho ninaweza kuwa nimesafishwa. Sijampelekea. Nimeiweka ndani ya Biblia ya baba, mahali ambapo hasomi. Sitaitoa bila ruhusa yako, na sikuombi ruhusa. Ninakuambia tu kwamba ipo, na kwamba kuiweka humo ni kazi ngumu.

Edna


Kwaluguru
26 Aprili 2023

Mwanangu Edna,

Sikukuu imepita. Nimemwambia.

Nilingoja siku ya pili ya Idi wageni walipokwisha kuondoka. Alikuwa anakunywa maji, anamsifia Semboja kwa jinsi alivyohesabu watu uwanjani bila kukosea. Nikamwambia, "Baba Sabiri, ile mashine haikuiba. Mimi mwenyewe sikukupa."

Akadhani natania. Akaniuliza sikumpa nini. Nikarudia. Akaweka kikombe chini taratibu, akakigeuza ili mkono wa kikombe uwe upande wake, kama kwamba hilo ndilo lilikuwa na haraka. Halafu akasema, "Ulisimama nyuma yangu."

Nikamwambia nilisimama kwa sababu watu wote walikuwa wananiangalia.

Hakupiga kelele, hilo niliandike wazi. Alitoka akaenda shambani saa nane ile ya jua kali, akarudi magharibi. Siku tatu hakusema na mimi isipokuwa salamu. Siku ya nne alikuja jikoni. Tangu nimeolewa hajawahi kukaa kwenye kile kigoda. Akakaa. Akaniuliza wengine ni akina nani. Nikamwambia hilo sitamwambia, na ningekuwa nalijua kwa hakika pia nisingemwambia. Akaniuliza basi kwa nini mimi. Nikamwambia Kilimani. Akaanza kunieleza habari za birika na ng'ombe na mashamba, nami nikamwacha aeleze mpaka mwisho. Alipomaliza nikamwambia, "Hayo nayajua. Nimewaeleza wao kwa niaba yako miaka minane."

Alikaa pale mpaka maharage yakaiva.

Edna, una haki ya kunikasirikia. Kama unataka kuitoa ile barua, itoe. Niliyekuwa namwogopa amekwisha kujua.

Mwantumu


Kwaluguru, Handeni
29 Mei 2023

Kwa Binti Edna Obadia,
Korogwe.

Mwanangu Edna,

Nimekaa mwezi mzima na barua hii. Safari hii sikuweka kichwa cha habari kwa sababu sijui ningeandika nini.

Kwanza, tarehe nane nilikuja Korogwe. Nilikwenda kwenye kampuni yenu nikiwa na barua ya kuondoa malalamiko yangu. Niliandika kwamba nilikosea, kwamba kura za tarehe nne Machi zilikuwa halali, na binti yule hakuwa na kosa zaidi ya kutomsubiri mtu mvivu. Meneja aliisoma akiwa amesimama. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia nimejua. Akasema maneno hayo hawezi kuyaweka kwenye faili, na kwamba nafasi yako imekwisha kujazwa, mashine zimepelekwa mkoa mwingine. Nikamwambia basi aandike kwamba jina lako ni safi. Akasema ofisi haiandiki barua za namna hiyo. Nilikaa kwenye benchi lao mpaka walipofunga. Mlinzi alinihurumia akaniletea maji.

Kisha nilikwenda kwenu Manundu. Hukuwepo, nikamkuta baba yako. Nilimwambia mbele ya mama yako na jirani mmoja kwamba mimi ndiye niliyelichafua jina la mtoto wao, na kwamba nililichafua bure. Alinisikiliza. Hakunikaribisha chai, na sikutegemea anikaribishe. Wakati naondoka aliniuliza kama niko tayari kuyasema hayo kanisani. Nikamwambia mimi ni Mwislamu lakini nitayasema. Jumapili ya tarehe kumi na nne nilisimama nje ya mlango wa kanisa lenu watu walipokuwa wanatoka, nikayasema. Nimeambiwa ulikuwa Tanga unatafuta kazi. Sijui kama wamekusimulia.

Najua kazi haijarudi. Siandiki kana kwamba nimeirudisha.

Pili, niliitisha mkutano mkuu. Niliwaambia wanachama kwamba uchaguzi wa mlolongo siutaki. Walinishangaa. Semboja alinivuta kando akaniuliza kama naumwa. Mtu gani aliyeshinda anataka kurudia? Nikawaambia mtu akichagua huku jirani na mumewe na mwenyekiti wanamtazama, hajachagua, amesalimia tu. Wanaume wakapiga kelele. Wanawake walikaa kimya, na nilivyowaona wanavyokaa kimya nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Mtendaji akauliza, basi mashine irudi? Wakakataa, nami nikakataa. Nakuambia hivyo bila kukuficha. Najua ilisema kweli, lakini niliujua ukweli wake kwa sababu mtu mmoja alikubali kufungua moyo wake mbele yangu. Kila uchaguzi hatuwezi kumtafuta mtu wa kufanya hivyo. Tukakubaliana karatasi. Kila mtu aandike peke yake nyuma ya pazia, kisha sanduku limwagwe mezani mbele ya wote.

Juzi Jumamosi tukafanya. Nami niligombea. Mwantumu aliniuliza kwa nini nagombea wakati najua. Nikamwambia nataka kuona. Sikupita nyumba kwa nyumba safari hii. Lile daftari nililichana.

Kura zilikuwa mia mbili na nane. Semboja alizifungua moja moja, akazinyanyua juu, akazisoma. Maryamu mia moja ishirini na nne. Mimi themanini na moja. Tatu ziliharibika, moja kati ya hizo mtu alichora bomba la maji tu, bila jina. Nilizihesabu kwa macho yangu mpaka ya mwisho. Watu walipoangalia upande wangu nilisimama nikampa Maryamu mkono. Nilikuwa nimejiandalia maneno, yakanipotea, nikamwambia tu pampu ina tatizo la mkanda, auangalie kabla ya kiangazi.

Maryamu amenitaka nimsaidie kupima njia ya bomba la Kilimani. Sijamjibu. Bado kila nikilitazama lile tangi la maji naliona ni langu, siwezi kukudanganya kwamba hilo limekwisha. Themanini na tatu kwa mashine, themanini na moja kwa karatasi. Zile kura mbili za ziada huenda nilipewa kwa huruma mara ya kwanza. Nafikiria watu wale mia moja na sitini walionishika mkono. Hawakunichukia. Walishindwa tu kuniambia, na mimi sikuwa mtu wa kuambiwa.

Baba yako anasema umepata kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi ya Korogwe. Nitampa Yordani simu yangu, ina tatizo la spika, nasikia nusu ya maneno. Usiitengeneze bure.

Jumamosi ile baada ya kuhesabu nilirudi nyumbani na Mwantumu kwa miguu. Tulipita njia ya juu, ya Kilimani, kwa sababu yeye alitaka kupita huko. Wanawake walikuwa wanatoka lamboni na ndoo, wakatusalimia wote wawili. Tulitembea kama nusu saa. Nilikuwa na swali moja mdomoni njia nzima, la kura yake ya safari hii. Sikumuuliza, naye hakuniambia.

Rehani Mhina